Chuo kisicho na ndege si chuo safi

Mwezi wa Agosti mwaka jana nilialikwa katika chuo cha walimu nilikosomea zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Sitakitaja jina, kwani nia yangu si kumwaibisha mtu. Isitoshe, mambo nitakayoyaeleza yanaweza kuonekana katika vyuo vingi humu nchini.

Nilipoingia langoni, kitu cha kwanza nilichokitafuta kwa macho ni mgumo mkubwa uliokuwa mbele ya maktaba. Chini ya mti huo ndipo tulipokuwa tukidurusu wakati wa mitihani. Mchana ndege wa kila rangi walikuja kula matunda yake, na jioni popo wakachukua zamu.

Mgumo haupo tena. Mahali pake pana uwanja wa kuegesha magari uliosakafiwa kwa kabro. Ua wa michongoma uliokuwa ukichanua kando ya bwalo la chakula umeng'olewa, na mtaro uliokuwa na vyura umetiwa saruji. Mkuu wa chuo alituzungusha kwa fahari kubwa, akatuambia kwamba chuo chetu sasa ni safi kuliko wakati wowote ule.

Nyuma ya mabweni nilimkuta mtunza bustani, mzee yule yule niliyemwacha hapo. Alikuwa amebeba pampu ya dawa mgongoni akinyunyizia kandokando ya njia. Hakuwa na glavu wala kitambaa cha kuziba pua, na miguuni alivaa malapa. Nilimwamkia, kisha nikamwuliza iwapo haiogopi dawa ile.

"Mwalimu," akanijibu, "hii inaua majani, haiui mtu." Kisha akapangusa jasho usoni kwa kiganja kile kile.

Usiku huo nililala katika chumba cha wageni. Sikusikia chura hata mmoja. Mbu niliwasikia mpaka alfajiri.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: ni nani aliyetufundisha kwamba mahali safi ni mahali pasipo na kiumbe chochote kinachopumua isipokuwa binadamu? Huu ni ukurasa wa afya, na maoni yangu ni kwamba viwanja vya vyuo vilivyofyekwa na kunyunyiziwa dawa hadi vikawa vipara vinawadhuru wanafunzi, wahadhiri na wafanyakazi wanaoishi humo. Kurudisha miti ya kiasili, ndege, vyura na vipepeo si mapambo. Ni kinga.

MBU NA VIVULI

Hebu tuanze na mbu, kwa kuwa ndio wanaotajwa kila mara mtu anapotaka kukata kichaka.

Tulipokuwa shule ya msingi tulikaririshwa somo hili: fyeka nyasi, ziba madimbwi, zika mikebe. Somo hilo lina ukweli, hasa kuhusu madimbwi na mikebe. Nyasi ndefu nazo huweza kuwa mahali pa mbu kupumzikia mchana. Lakini mbu hazaliwi na nyasi. Mbu huzaliwa majini, na lazima tujue ni maji gani.

Mbu aina ya Anopheles gambiae, ambaye ni hodari sana katika kueneza malaria, hupenda kutaga mayai katika vidimbwi vidogo vilivyo wazi kwa jua: alama za kwato, nyayo za magurudumu, mashimo yaliyoachwa na wajenzi. Watafiti waliofanya kazi katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya waligundua kwamba viluwiluwi vya mbu hawa hukua haraka zaidi mahali ambapo miti imekatwa kuliko palipo na kivuli. Kwa hivyo mkuu wa chuo anayekata miti na kuacha mashimo ya ujenzi yakijaa maji ya mvua hajawafukuza mbu. Amewatengenezea kitanda.

Mbu aenezaye homa ya dengue na chikungunya, ambazo wakazi wa Mombasa wanazifahamu vyema, huzaana katika magurudumu mabovu, mikebe na matangi yasiyofunikwa. Mnamo 2022, mbu mwingine wa malaria mwenye asili ya Asia, Anopheles stephensi, aligunduliwa kaskazini mwa nchi yetu. Barani Afrika alionekana kwa mara ya kwanza Djibouti mwaka wa 2012. Huyu naye hupenda vyombo vya maji mijini. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayehitaji mgumo ili aishi.

Wanaowahitaji miti, maua na maji yaliyotunzwa ni adui za mbu. Kereng'ende huwala mbu wakiwa hewani, na watoto wa kereng'ende huvila viluwiluwi ndani ya maji. Mbayuwayu, mijusi, buibui, vyura na popo wadogo walao wadudu, wote wana fungu lao katika kazi hii.

Samaki nao wamethibitishwa. Utafiti uliofanywa Kisii na kuchapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kuwa perege walipowekwa katika mabwawa yaliyotelekezwa, viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 94 katika muda wa majuma 15. Chuo chenye kidimbwi cha samaki kinachotunzwa kina silaha dhidi ya mbu. Kilicho na matangi wazi na gata zilizoziba kwa majani kina kiwanda cha mbu, hata kikiwa kimesakafiwa kote.

BUNDI, PANYA NA MDUDU WA TAA

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba bundi akilia juu ya paa, kuna mtu atakayekufa. Matokeo yake ni kwamba bundi hurushiwa mawe vyuoni, tena na vijana wanaosomea sayansi.

Bundi hula panya. Panya ndio wanaoleta viroboto, ndio wanaochafua magunia ya maharagwe katika ghala la chakula, na mkojo wao huweza kuambukiza ugonjwa wa leptospirosi. Jozi moja ya bundi wanaolea makinda karibu na jikoni la chuo ni walinzi wasiodai mshahara. Lakini tunapowatilia panya sumu, panya aliyekula sumu huliwa na bundi, bundi naye akafa. Msimu unaofuata panya hurudi kwa wingi, kwa sababu panya huzaa haraka kuliko bundi.

Kuna pia yule mdudu mwekundu na mweusi aitwaye Nairobi Fly. Wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998, wakazi wengi wa jiji walijikuna hadi wakatoka malengelenge. Watu wakamwagiwa kila aina ya dawa majumbani. Mdudu huyu haumi wala hachomi. Sumu yake hutoka anapopondwa juu ya ngozi, na akiwa shambani yeye mwenyewe hula wadudu waharibifu. Anachokifuata bwenini ni taa.

Tiba hapa ni rahisi. Zimeni taa zisizohitajika usiku, tumieni taa za nje zinazoelekea chini, laleni ndani ya neti. Akikutua mpulize, usimponde. Ukimponda kwa bahati mbaya, nawa mara moja kwa sabuni na maji. Vipepeo wa usiku na popo nao hufaidika giza linaporudi, na bili ya umeme hupungua.

DAWA ZA KUNYUNYIZIA

Sasa nirudi kwa yule mzee na pampu yake.

Mwaka wa 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifoseti, kemikali iliyomo katika dawa nyingi za kuua magugu, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Yapo mashirika mengine ya serikali za ng'ambo yaliyotofautiana na uamuzi huo, na ubishi haujaisha. Lakini hata wanaoitetea dawa hiyo hawasemi kwamba inyunyiziwe na mtu aliyevaa malapa.

Dawa za kuua wadudu ndizo hatari zaidi. Baadhi yake hushambulia mishipa ya fahamu. Mtu huanza kwa kuumwa na kichwa, kutokwa na mate na jasho jingi, kuona ukungu na kutapika. Anayenyunyizia bila kinga ndiye wa kwanza kuumia, naye ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote chuoni.

Kisha dawa hiyo hiyo huua nyuki. Takriban robo tatu ya aina kuu za mimea ya chakula duniani hutegemea, kwa kiasi kidogo au kikubwa, nyuki na viumbe wengine wanaosambaza chavua. Karakara, kwa mfano, huchavushwa na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Mtu akiwaona katika nguzo ya ukumbi, mbio huleta dawa. Baadaye hulalamika kwamba karakara za shamba la chuo zinachanua bila kuzaa.

AKILI YA MWANAFUNZI

Afya si mwili peke yake. Mwanafunzi wa leo ana mzigo wa karo, mitihani, na hofu ya kuhitimu bila kupata kazi. Vyuo vimeajiri washauri nasaha, na hilo ni jambo jema. Lakini mwanafunzi akitoka ofisini kwa mshauri anaenda kuketi wapi? Juu ya kabro, juani?

Mwaka wa 1984 mtaalamu wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha utafiti wake kuhusu wagonjwa waliopasuliwa katika hospitali moja ya jimbo la Pennsylvania. Baadhi yao vitanda vyao vilielekea dirisha lililotazama miti. Wengine dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Walioitazama miti walitoka hospitalini mapema kidogo, na wakahitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko wenzao.

Wagonjwa hao hawakuigusa miti hiyo. Waliiona tu. Basi tufikirie mwanafunzi anayeweza kuketi chini yake, akasikiliza chozi wakigombania maua.

HOFU ZILIZO NA MSINGI

Najua yatakayosemwa. Nyoka je? Usalama je?

Hofu ya nyoka si upuuzi. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa ya nchi za joto, na kifutu hupatikana karibu kila pembe ya Kenya. Lakini nyoka hufuata panya na mahali pa kujificha. Marundo ya mawe, mbao za ujenzi na takataka nyuma ya jiko humvutia kuliko mti mrefu. Kwa hivyo nyasi zikatwe fupi kandokando ya mabweni na njia, na pori liachwe mbali, penye mipaka inayojulikana. Akimuuma mtu, usichanje jeraha wala kulifyonza wala kulifunga kwa kamba. Mtulize, asitembeetembee, apelekwe hospitali mara moja.

Hofu ya usalama nayo ni ya kweli. Hakuna anayeweza kusahau tarehe 2 Aprili 2015, siku watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Msichana anayetoka maktaba saa tatu usiku pia ana haki ya kuiona njia yote mbele yake. Basi vichaka visipandwe kando ya ua wala kando ya njia za wapita kwa miguu. Hapo panafaa miti mirefu iliyopogolewa matawi ya chini, ili mlinzi aone mbali. Kuna nafasi nyingine tele.

Tumbili na popo tuwaache na maisha yao. Tumbili akizoea kulishwa mkate hugeuka mwizi, kisha huuma. Aliyeumwa na mnyama yeyote aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende hospitali kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Popo nao wasishikwe. Mwaka wa 1980 na tena 1987, watu waliokuwa wamezuru pango la Kitum katika Mlima Elgon walifariki kutokana na virusi vya Marburg, na baadaye virusi hivyo vilihusishwa na popo wa mapangoni. Funzo lake ni kwamba tusiingie katika makao yao wala tusiwashike, si kwamba tukate miti wanayokula matunda yake.

MITI GANI?

Serikali ilitangaza mwaka wa 2022 kwamba inataka miti bilioni 15 ipandwe ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikawa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Vyuo vingi vilishiriki. Lakini ukienda kuangalia, mara nyingi utakuta safu za mikaratusi, mti wa Australia unaokunywa maji mengi na usiomlisha ndege wetu sana. Hata mijakaranda tunayoipenda jijini ni wageni kutoka Amerika ya Kusini.

Siwachukii wageni. Bustani ya miti ya Nairobi, jirani na bewa la Chiromo, ilianzishwa mwaka wa 1907 ili kujaribu miti iliyoweza kutoa kuni za garimoshi kwa haraka, na wageni hao hadi leo wanatupa kivuli. Lakini mwenyeji asisahauliwe nyumbani kwake.

Nyanda za juu zina mgumo na mukinduri. Zina pia muiri, ambao wanasayansi huuita Prunus africana. Gome lake hutengenezewa dawa ya uvimbe wa tezi la kibofu kwa wanaume, na liliuzwa ng'ambo kwa wingi hivi kwamba tangu 1995 biashara yake inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa. Ukambani kuna mukau. Magharibi na Nyanza kuna siala na mvule. Pwani kuna mkwaju na mbambakofi. Chuo kikipanda miti ya kwao, wanafunzi wa botania na wa famasia wamepata maabara isiyohitaji paa.

Wanaosema udongo wa chuo chao ni mbovu waende Bamburi, Mombasa. Mwaka wa 1971 Bw Rene Haller alianza kupanda mivinje katika machimbo yaliyoachwa na kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa mwamba mtupu na maji ya chumvi. Jongoo waliletwa kuyala majani makavu ya mivinje na kuyageuza udongo. Leo kuna msitu, samaki na ndege, na watu hulipa kiingilio ili kuutazama.

Marehemu Prof Wangari Maathai, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alianzisha kampeni yake tarehe 5 Juni 1977 kwa miche saba tu iliyopandwa katika bustani ya Kamukunji. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya navyo vilianzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka wa 1968. Hakuna hata mmoja aliyengoja bajeti kubwa.

LA KUFANYA

Napendekeza mambo matano. Kwanza, kila chuo kitenge sehemu moja, hata kama ni robo ekari, isiyofyekwa ila mara moja kwa mwaka. Pili, dawa za kunyunyizia zitumike pale tu ambapo hakuna njia nyingine, na asiyepewa glavu, buti na kinga ya uso asipewe pampu. Tatu, majani makavu yasichomwe, maana moshi wake huwadhuru wenye pumu. Yafanywe mboji. Nne, matangi yafunikwe, gata zisafishwe, na mikebe na magurudumu yaondolewe kila juma. Tano, mti wa kiasili usikatwe kabla ya wanafunzi na wahadhiri kuulizwa.

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Maneno hayo mawili yamewekwa pamoja kwa sababu nzuri. Safi bila afya ni kama sufuria iliyong'arishwa isiyo na chakula ndani.

Wewe msomaji, huenda nawe una chuo ulichosomea. Mikutano ya wanafunzi wa zamani huwa na hotuba nyingi na soda nyingi. Mwaka huu peleka mche. Ukiweza, mtafute mtunza bustani umsalimie, kwani ndiye anayejua ni kona gani ndege bado hutaga.

Mimi nitarudi kule Agosti. Nimemwandikia mkuu wa chuo barua ya heshima nikimwomba kona moja ndogo nyuma ya maktaba, mahali ambapo magari hayafiki. Nitabeba miche miwili ya mgumo, na jozi moja ya glavu kwa yule mzee.